Sikulia, na Ziwani Niliingia kwa Hiari Yangu

Kwanza tuweke mambo sawa, kwa sababu kuna jamaa yangu mmoja (anajijua, ana bodaboda nyekundu na mdomo usio na breki) tangu jana anasambaza video ya sekunde 47 ya mimi na korongo, pamoja na maelezo yake kwamba nililia na kwamba nilitupwa ziwani. Sikulia. Yaliyokuwa yananitiririka usoni hayakuwa machozi. Nitawaambia yalikuwa nini, na mtatamani yangekuwa machozi. La pili, ziwani sikutupwa na mtu. Niliingia mwenyewe, kwa miguu yangu, nikiwa na akili timamu kiasi.

Haya, mlionifuata siku nyingi mnamkumbuka yule njiwa aliyejigonga kwenye kioo cha kibanda changu cha kutengeneza simu. Alidondoka kama kitambaa. Nikamweka kwenye boksi la viatu lenye matundu, nikalifunika, nikaliweka pembeni pasipo na kelele. Sikumpa punje, sikumpa maji, sikumchungulia kila dakika. Baada ya saa moja hivi nikafungua boksi nje, akaenda zake. Ndege aliyejigonga hataki zaidi ya hapo: giza, utulivu na joto kidogo, na wewe mikono yako uikalie. Ukimmiminia maji mdomoni umemuua, maana tundu lake la kupumulia liko palepale nyuma ya ulimi, maji yanakwenda mapafuni. Hayo yote nilikuwa nayajua. Balaa ni kwamba tangu siku ile Kirumba nzima wakaanza kuniita Daktari, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuitika.

Juzi saa nne asubuhi jamaa wa bodaboda akaja mbio. "Daktari, mgonjwa wako huku mwaloni!"

Kwa ambao hamjafika Mwanza: pale mwaloni, ufukweni wanaposhushia na kuuza samaki, kwenye sangara na sato na magunia ya dagaa, korongo wamo kama wachuuzi wengine. Nasema yule mkubwa mwenye upara, koti jeusi mgongoni na mfuko unaoning'inia shingoni. Waganda wanamwita kaloli. Wanasimama nyuma ya wapasua samaki, mabega juu, kama wajumbe wa kamati ya harusi ambayo pesa zake hazieleweki, wakisubiri utumbo na mapanki, yale mafupa ya samaki yanayobaki. Nimewaona tangu nikiwa mtoto. Sikuwahi kumtazama hata mmoja.

Sasa huyu alikuwa kakaa. Wenzake wamesimama, yeye kakaa chini peke yake, mchangani, nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, mabawa kayaachia pembeni kama mtu aliyeambiwa na polisi asisogee. Nikamzunguka kwa mbali, nikatoa simu nikaanza kuandika. Nawawekea nilichoandika kama kilivyo, maana aibu yenyewe mnayo tayari: "Magoti yote mawili yamevunjika, yamekunjika kinyume, nyayo zimetokea mbele. Miguu ina ukoko mweupe, fangasi? Kichwa hakina manyoya, ngozi ina mabaka, aliungua? Shingoni uvimbe mkubwa sana, tezi. Anahema mdomo wazi, homa."

Magonjwa matano kwa ndege mmoja. Nilimwonea huruma hadi nikajiuliza amefikaje umri ule.

Kabla hamjaniita mjinga, nilipiga simu. Kuna dada mmoja, afisa wanyamapori, namba yake ninayo tangu enzi za njiwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, nipo kwenye kikao. Usimguse. Nitumie picha na video fupi, kaa mbali, mwangalie nusu saa. Nikitoka nakujibu."

Nusu saa. Mnajua nusu saa ni kitu gani kwa mtu anayeitwa Daktari, wapasua samaki wameacha visu, na watoto wanne wamepanda juu ya mtumbwi ili waone vizuri? Nikatuma picha. Tiki mbili, za kijivu. Nikasubiri. Nilisubiri dakika sita, na katika hizo, mbili nilikuwa natafuta boksi.

Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi anashona wavu. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwacheni, anaota jua huyo." Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Lakini magoti yake yamevunjika." Hakubisha. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Aliweka wavu chini, akageuza ndoo, akaikalia akinitazama, kama mtu aliyekwishakata tiketi.

Maandalizi yalikuwa ya kitaalamu, hilo hamtaninyang'anya. Ndege mwenye mdomo mrefu anakulenga macho, kwa hiyo nikaazima helmeti ya bodaboda yenye kioo. Glavu nikapewa na mama mmoja mpasua samaki, zikiwa na samaki bado ndani yake. Boksi la viatu lisingetosha, nikachukua boksi la friji, nikalitoboa matundu 22 kwa bisibisi, nikamwita kijana wa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, alisogeze, elfu tatu. Ikabaki kitambaa cha kumfunika kichwa, maana ndege akiwa gizani hutulia.

Nikaenda kwa mama ntilie wetu. "Mama, naomba khanga nimfunike mgonjwa."

"Mgonjwa gani tena, mwanangu?"

"Korongo."

Akanitazama kwa muda. "Hii ni doti ya arusi ya mdogo wangu."

"Dakika tano tu, mama."

Akanipa kipande kimoja. Khanga nyekundu, mpya, bado inanuka duka. Imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Yashikeni hayo maandishi.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu video ya jamaa imeanza katikati na sehemu niliyoonekana mwanaume ameikata.

Nilimwendea kwa nyuma. Hatua moja, nasimama. Hatua nyingine, nasimama. Hakukimbia. Nikajisemea, ndiyo hivyo, hana nguvu. Akageuza kichwa, akanitazama kwa jicho moja, halafu akatazama glavu. Sasa hivi najua alichokuwa anawaza. Alikuwa anazijua glavu za wapasua samaki, alidhani nimemletea mapanki. Wakati ule nilisoma jicho lile kama jicho la mtu anayeomba msaada, nikamwambia kwa upole, na hii mtaisikia kwenye video, "Pole baba, tunatibu."

Nani anamwita korongo baba?

Pumzi zangu zikaanza kujaza ukungu kwenye kioo cha helmeti. Namwona kama kivuli. Nikajua nikisubiri zaidi nitafunika mtumbwi. Nikaikunjua khanga, nikahesabu hadi tatu, nikarusha.

Wanangu, ilitua vizuri. Ilitua kama inavyotua kwa bibi arusi. Kichwa, shingo, mabega, vyote vikazama ndani, na ndege akatulia kimya. Sekunde ya kwanza. Ya pili. Nikafungua kioo cha helmeti ili watu wanione uso, nikageukia umati, nikanyanyua kidole gumba. Nikasema, "Mnaona? Ni kujua tu."

Ya tatu.

Sikuona kilichotokea. Niliona nyuso za watu. Macho ya watoto juu ya mtumbwi yalianza kupanda. Yalikuwa yananitazama usoni, yakapanda hadi kwenye helmeti, yakaendelea kupanda. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mbao mbili zinazogongana haraka haraka, ka-ka-ka-ka-ka, inatokea ndani ya khanga. Nikageuka.

Magoti yaliyovunjika yalikuwa yanakunjuka. Kwanza moja, halafu la pili, bila haraka, kama mzee anayeinuka kitini baada ya kumsikiliza mtoto mjinga hadi mwisho. Khanga ikapanda. Ikafika kifuani kwangu, ikafika kidevuni. Mimi nina futi tano na inchi tatu nikivaa viatu vizuri. Korongo huyu akisimama anakaribia mita moja na nusu, na kwa mtu aliyechuchumaa na kidole gumba hewani, hiyo ni ghorofa. Mbele yangu kukawa na khanga imesimama yenyewe, maandishi yananielekea, nayasoma: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Juu ya neno NYOTA kitambaa kikasukumwa, mdomo ukatokea. Karibu futi moja ya mdomo.

Halafu akafungua mabawa. Mita mbili na nusu, ncha hadi ncha. Nilikuwa nimepanga kumtia kwenye boksi la friji.

Ningekimbia hapo. Hata sasa mwili wangu unaniuliza mbona hatukukimbia. Lakini nilikuwa Daktari, nikashika pindo la khanga nikavuta, nadhani kwa ajili ya mama ntilie. Ndege akishikwa na hofu, hasa hawa wanaokula mizoga, anaweza kutapika ili awe mwepesi wa kuruka. Na kioo cha helmeti, mtakumbuka, nilikuwa nimekifungua mwenyewe.

Utumbo wa sangara ukiwa sokoni unanuka. Ukishakaa tumboni mwa korongo tangu alfajiri ukatoka tena, hauna jina. Ulikuwa wa moto. Uliingia kwa juu na helmeti ikauhifadhi, haukuwa na pa kutokea isipokuwa kupitia usoni kwangu, polepole, kwenda shingoni. Hayo ndiyo "machozi" ya jamaa. Nikasikia mtu anapiga kelele nyembamba sana, nikamwonea huruma, kumbe ni mimi.

Ziwa lilikuwa hatua nane. Nimeshasema, kwa hiari.

Nilipotoa kichwa majini nikamwona mgonjwa wangu anakimbia hatua tatu nne kwa yale magoti yake, anapaa juu ya mitumbwi, khanga inapepea shingoni kama kiongozi wa chama anayewasili mkutanoni. Akazunguka mara moja. Watu walikuwa wanasoma kwa sauti, "Usisafirie nyota ya mwenzioooo!" Kisha khanga ikachomoka, ikaanguka majini, boti ya injini ikaipitia. Yule mzee kwenye ndoo akapiga makofi. Mawili tu.

Simu ilikuwa imebaki nchi kavu. Tiki zilishakuwa za bluu. Dada wa wanyamapori alituma neno "Mzima", halafu ujumbe wa sauti wa dakika mbili, ambao sekunde kumi na tano za mwanzo ni kicheko. Kile ninachokiita goti ni kifundo cha mguu. Goti lake lipo juu, limejificha kwenye manyoya, na korongo hawa hukaa hivyo wakipumzika. Fangasi ni mavi yake mwenyewe: anajinyea miguuni makusudi, ikikauka miguu inapoa. Upara ni wa kuingiza kichwa ndani ya mzoga bila manyoya kulowa damu. Tezi ni mfuko wa hewa. Homa ni jua la saa nne, na mabawa aliyaachia aliote vizuri. "Kaka," akasema, "huyo ana afya kuliko wewe."

Nikampigia. Kitu cha kwanza alichouliza si mimi: "Khanga imetoka shingoni?" Nikasema imetoka. Akashusha pumzi, maana ingembana ndipo ningekuwa nimempata mgonjwa kweli. Akanieleza kwamba ndege anayeumwa hujikunyata, manyoya yanatutumka, macho yanasinzia, bawa moja linalala chini kuliko jingine, na akikuacha umfikie siyo kwa sababu unanuka samaki. Hata huyo, unaweka watu na mbwa mbali, unapiga simu, unasubiri. Na ukikuta kadhaa wamekufa pamoja usiguse hata unyoya, mwite daktari wa mifugo, inaweza kuwa mafua ya ndege au sumu. Nilipomtajia boksi la friji akaacha kucheka. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kukamata mnyamapori bila kibali, na matundu 22 ya bisibisi si kibali.

Mengine yapite haraka. Helmeti nimeinunua, mwenyewe haitaki. Guta nimelilipa kwenda na kurudi likiwa na boksi tupu. Mama yangu ameona video, kwenye simu hakuzungumzia kingine isipokuwa kichocho. Mama ntilie anadai doti nzima, kwa sababu kipande kimoja hakiendi arusini, na hadi nitakapoleta amekitundika kile kilichobaki mbele ya banda lake, maandishi nje. Biashara yake imepanda. Ananipa chai lakini hapunguzi deni.

Leo asubuhi nimefungua kibanda, kuna mteja ananisubiri na mfuko wa rambo. Nikauliza simu ina shida gani. Akafungua mfuko, kuna kuku.

"Daktari," akasema, uso mkavu kabisa, "hebu mtazame. Magoti yanakunjika kinyume."

Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, jamaa wa bodaboda alikuwa amenyanyua simu, anarekodi.