Mfalme aliyetaka kulala na mbwa wake, na mbwa wetu wa Lushoto

Mama alinipigia simu Jumapili moja nikiwa bustanini Potsdam, na kabla sijamaliza kumwamkia Paule akabweka.

"Marahaba mwanangu. Mbona nasikia mbwa?"

"Niko nao, mama. Wawili."

"Wa nani?"

"Wa bibi ninayemtunza."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Uoge kabla hujasali."

Nataka kuyaeleza kwa urefu yale ambayo sikuweza kumweleza mama kwenye simu, kwa sababu najua wengi mlioko nyumbani mngeuliza swali lake, na wengine mngeuliza kwa ukali zaidi: binti wa Kiislamu kutoka Lushoto kapata wapi urafiki na mbwa?

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, hapa Berlin, mwaka wa sita sasa. Bibi ninayemhudumia ninamwita Oma, ndilo neno lao la bibi. Ana miaka 84 na anatembea kwa kusukuma kigari cha kushikilia. Paule ni wale mbwa wa mwili mrefu na miguu mifupi. Emma ni jike mzee mwenye mtoto wa jicho, akipanda ngazi anagusa kwanza kwa mguu mmoja kama mtu anayepima kina cha mto. Hali ya hewa ikiwa nzuri tunapanda treni ya S7 pale Wannsee hadi Potsdam, kisha basi, tunashuka karibu na kinu cha zamani cha upepo, na hatua chache mbele liko kasri la Sanssouci.

Jina hilo ni la Kifaransa, maana yake "bila wasiwasi". Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, alilijenga kati ya 1745 na 1747 ili apumzike mbali na mambo ya utawala. Si refu wala si la kutisha. Ni nyumba isiyo na ghorofa juu, ya rangi ya njano, imekaa juu ya kilima kilichokatwa matuta sita. Sisi watu wa Usambara matuta tunayajua, lakini haya yamepandwa mizabibu, na katikati ya mizabibu kuna vijichumba vyenye milango ya vioo ambamo wanapanda miti ya tini ili baridi isiiue. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya kioo kimoja nikaitazama tini changa, kijani, ndogo kama kidole gumba cha mtoto, nikakumbuka sura tuliyokuwa tukiisoma chuoni, chuo cha Qurani, kwa sauti moja, "Watini wazzaituni". Nilikuwa sijawahi kuuona mti wenyewe hadi siku hiyo.

Ndani ya kasri mbwa haingii. Bustanini anaingia, kwa kamba. Kwa hiyo Oma anakaa kwenye benchi pale juu, mimi nashuka ngazi 132 na mbwa, Paule mbele, Emma nyuma, tunazunguka birika la maji yanayoruka juu, tunapanda tena. Friedrich hakuwahi kuyaona maji hayo yakiruka inavyotakiwa. Mafundi wake walishindwa kuyapandisha, na kazi ikafanikiwa katika miaka ya 1840 tu, ilipoletwa injini ya mvuke. Nyumba ya injini iko kando ya mto Havel, na waliijenga kwa umbo la msikiti, kuba na mnara, na ule mnara ndio bomba la moshi. Nilipouona kwa mbali kwa mara ya kwanza moyo uliruka kwa furaha. Nilipoambiwa ni pampu nilihuzunika siku nzima.

Lakini kilichonifanya niandike kiko pale juu, upande wa kulia ukilitazama kasri kutoka chini. Kuna mawe bapa yamelazwa ardhini. Moja ni la mfalme, limeandikwa jina lake tu. Pembeni yake wamezikwa mbwa wake.

Friedrich aliandika katika wosia wake kwamba azikwe hapo, usiku, bila fahari yoyote, karibu na mbwa wake. Alipofariki tarehe 17 Agosti 1786, mpwa wake aliyerithi kiti hakukubali. Mfalme mzima alazwe na mbwa? Akamzika kanisani mjini, kando ya baba yake, baba ambaye Friedrich alikuwa na historia chungu naye. Vita Kuu ya Pili ilipofika jeneza likahamishwa na kufichwa hata kwenye mgodi wa chumvi, baadaye likapelekwa kusini mwa nchi. Lilirudi Sanssouci tarehe 17 Agosti 1991, miaka 205 kamili baada ya kifo chake, likashushwa kaburini usiku kama alivyotaka.

Juu ya jiwe watu huweka viazi, maana ndiye aliyewasukuma wakulima wa Prussia kulima viazi, hata akatoa amri mwaka 1756. Siku ile vilikuwepo saba au vinane. Kimoja kilikuwa kimeanza kuchipua, vijicho vya zambarau vimetokeza. Nilikitazama kwa muda mrefu. Viazi mviringo ndivyo vilivyonisomesha mimi. Mama amelima viazi maisha yake yote, katika wilaya ambayo Wajerumani walipoitawala waliupa mji wake jina la Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme mwingine wa ukoo huu huu.

Oma akaniambia mmoja wa mbwa wale aliitwa Biche. Katika vita vya Soor, mwaka 1745, Waaustria walipora kambi ya mfalme na Biche akatekwa, kisha akarudishwa kwa mwenyewe. Karibu miaka 280 imepita na jina la mbwa huyo bado linatajwa.

Hapo ndipo iliponiuma. Nyumbani kwetu tulikuwa na mbwa niliyekua naye, aliyelinda shamba lile la viazi na mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori, na hakuwa na jina. Tulimwita mbwa. Mchana alifungwa mnyororo kwenye mti wa mparachichi, usiku akafunguliwa. Alikula makoko ya ugali yakiwepo. Watoto tuliotoka chuoni tulimrushia mawe, nami nilikuwa miongoni mwao, tukiamini kabisa kwamba tunatenda jambo jema kwa sababu mbwa ni najisi.

Sasa nisikilizeni vizuri, nisije nikanukuliwa vibaya. Sijaacha dini wala sibishani na masheikh. Nimelelewa katika madhehebu ya Shafii kama sehemu kubwa ya pwani yetu, na mate ya mbwa yakinigusa naosha mara saba, moja kwa udongo. Nguo za kazi ni mbali na nguo za sala. Oma analijua hilo, na amenitengea ndoo yangu na kabati langu. Lakini usafi wa ibada ni jambo moja na ukatili ni jambo jingine, na ni nani aliyetufundisha kuyachanganya? Mtume, rehema na amani zimshukie, alisimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe mtu huyo. Katika Suratul Kahf, wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao kizingitini, amenyoosha miguu ya mbele, na Qurani imemtaja pamoja nao. Hayo yote tulisomeshwa. Kisha tukatoka nje tukaokota mawe.

Wala mila haikutuagiza. Msambaa gani asiyeijua habari ya Mbegha? Alizaliwa kigego, akaotesha meno ya juu kwanza, ndugu zake wakamwogopa wakamkimbiza kutoka Nguu. Akaingia Usambara na mkuki wake na mbwa wake. Akawawinda nguruwe waliokuwa wakiangamiza mashamba, akagawa nyama, wenyeji wakampa vyakula vya shamba, na mwisho wakamtawaza, ukoo wake ukatawala kutoka Vugha. Karne ile ile ya kumi na nane Friedrich yuko Potsdam na mbwa wake, Mbegha yuko milimani kwetu na wake. Bila mbwa, Mbegha angekuwa mkimbizi tu. Tunajivunia Simba Mwene, yaani huyo mfalme wetu, na mbwa waliomfikisha kwenye kiti tumewasahau.

Kuna jingine ambalo ningekuwa mwongo nisipolisema. Katika bustani ile ile, kwenye mzunguko mmoja wa njia, zimesimama sanamu nne za watu weusi, kichwa na mabega, za marumaru ya rangi. Majina yao hayajulikani. Baba wa babu yake Friedrich ndiye aliyejenga ngome katika pwani ya Ghana ya leo mwaka 1683 ili Brandenburg, nchi ya ukoo wao, nayo ifanye biashara ya watumwa. Nilisimama pale nimeshika kamba mbili za mbwa mkononi, na nikafikiri: Biche ana jina, hawa hawana. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba Ulaya ilianza kuwapenda mbwa kwa sababu ya wingi wa huruma. Huruma ile ilikuwa na mipaka, na sisi tulikuwa nje yake.

Hata leo si kila kitu hapa ni cha kuigwa. Nilikaa mtaani kwetu miaka mitatu bila jirani kunisalimu. Siku ya kwanza nilipotoka na Emma watu watano walisimama, wakainama, wakamsalimu yeye, kisha wakainua macho wakanisalimu mimi. Oma ana watoto wawili, na wiki nyingi simu haiiti. Mbwa ndio wanaomwamsha asubuhi. Anawaambia habari za mume wake aliyefariki na wanamsikiliza. Mama yangu hana bima ya mbwa lakini hajawahi kula chakula cha jioni peke yake, na hilo sibadilishani na mtu.

Ninachokitaka kutoka kwao ni wajibu. Hapa Berlin Oma analipia kodi ya mbwa euro 120 kwa mwaka kwa wa kwanza, na 180 kwa wa pili. Lazima awe na bima, ili mbwa akimng'ata mtu gharama zijulikane zinalipwa na nani. Uchafu wa mbwa unauokota mwenyewe, kwenye mfuko, mbele za watu. Kumweka mbwa kwenye mnyororo maisha yake yote, kama tulivyomweka wetu, sheria inakataza. Na tangu 2002 ulinzi wa wanyama umeandikwa ndani ya katiba yao. Kila mbwa ana mtu anayeulizwa.

Kwetu Tanzania nako tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ni mbwa wangapi mtaani kwako wanaye mtu wa kuulizwa?

Msinijibu kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Nilipokuwa darasa la tano mwenzetu mmoja aling'atwa akienda kuchota maji. Mbwa hakuwa wa mtu. Kidonda kilikuwa kidogo, wakakifunga kitambaa. Kituo cha karibu hakikuwa na chanjo, na ilipopatikana nauli ya kwenda mbali wiki zilikuwa zimepita. Alifika hatua ya kuogopa maji, akipewa kikombe koo linabana, analia. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Tulimzika mvua ikinyesha. Siku iliyofuata wanaume walitoka na marungu wakaua kila mbwa waliyemkuta, na wetu alikuwemo.

Kuua hakukumaliza kitu, mbwa wengine walikuja. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba wamethibitisha kwamba chanjo ya mbwa kwa wingi inaweza kuuondoa ugonjwa huo kisiwani. Na aliyeng'atwa aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha aende kupata chanjo siku hiyo hiyo. Mwenzetu yule aliishi hatua mia moja kutoka mtoni, na sabuni ilikuwepo nyumbani.

Mimi simwombi mtu yeyote alale na mbwa kitandani wala amnunulie koti la baridi. Naomba apewe maji, achanjwe, na ajulikane ni wa nani. Mfalme aliyetaka kulala kando ya mbwa wake alisubiri miaka 205. Mbwa wetu waliouawa kwa marungu walitupwa korongoni, na mmoja wao alikuwa amelinda ada yangu ya shule.

Mama ana mbwa mwingine sasa, wa rangi ya kahawia, masikio yamesimama. Mwezi uliopita nilituma hela ya chanjo na ya nauli. Mdogo wangu alimpakia kwenye tenga nyuma ya bodaboda, mama akafuata kwa bodaboda ya pili, eti asije akaruka. Jioni akanipigia.

"Amechanjwa. Hakulia hata kidogo. Wamenipa na kadi."

"Alhamdulillahi. Kadi imeandikwaje?"

"Wameandika tarehe, na jina langu mimi mwenyewe. Halafu yule kijana wa mifugo akaniuliza, mama, mbwa anaitwa nani? Nikamwambia hana jina. Akasema kadi haiwezi kukaa wazi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema aandike Simba."