Siku Niliyofua Simu

Simujanja yangu haikuibwa wala haikuanguka. Niliifua. Niliisahau kwenye mfuko wa suruali, nikailoweka suruali, na nilipofika kwenye kufikicha nikahisi kitu kigumu, nikajua ni kipande cha sabuni kimegoma kuyeyuka. Nikaongeza bidii. Ilipotoka ilikuwa inang'aa kuliko siku niliyoinunua, na ilikuwa imekufa.

Nikafukua droo hadi nikakiona kitochi changu cha zamani, kimelala pamoja na chaja yake na ufunguo mmoja usiojulikana ni wa wapi. Laini yangu fundi aliwahi kuikata hadi ikabaki kama ukucha wa mtoto, na kitochi kinataka laini pana ya enzi zake. Nikaigundisha kwenye kipande cha kadi, nikaisukumiza ndani mara sita ikakataa. Ya saba ikashika. Kilipowaka, nikakishika mbele ya uso wangu ili kinitambue. Tukatazamana.

Nilitaka kumpa mke wangu taarifa ya msiba, maana alikuwa safarini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba simjui. Yaani namba yake. Mtu ninayempigia mara tano kwa siku, kumbe sijawahi kuipiga namba yake hata mara moja. Huwa nagusa picha yake tu. Nikajaribu ya mama, ya kaka, ya rafiki niliyekua naye: hakuna. Kichwani ilikuwemo namba moja, nayo ni yangu. Nikaipiga, sijui nilitegemea nani apokee.

Majina yote nilikuwa nimeyahifadhi mtandaoni. Nikaazima kompyuta ya jirani, nikaingiza nywila, nikaambiwa vizuri, sasa tuhakikishie kwamba ni wewe: bonyeza "Ndiyo" kwenye simu yako. Simu yangu wakati huo ilikuwa kwenye kamba, imebanwa kwa vibanio katikati ya soksi.

(Wanaosema kuishi bila simu kunaleta utulivu wa moyo, naomba wanieleze kwa nini paja langu liliendelea kutetema siku nzima. Nilipapasa mfuko mtupu hadi jirani akaniuliza kama nina upele.)

Kesho yake niliamka saa tatu, kwa sababu kengele ya kuniamsha nayo ilikuwa kwenye kamba. Nikapekua laini. Kumbe ilikuwa imebaki na majina machache ya zamani: Fundi, Fundi Mpya, Usipokee 1, Usipokee 2, na, Mungu hamtupi mja wake, Bosi!

Nikaanza kuandika. Wenye simujanja mmesahau kazi hii. Herufi "s" peke yake unabonyeza 7 mara nne, na ukipitiliza unaanza upya. Neno "samahani" ni mibonyezo 15, nimehesabu. Yule Neil Papworth aliyetuma ujumbe mfupi wa kwanza duniani, Desemba 1992, aliuandika kwenye kompyuta, na ulikuwa salamu za Krismasi tu. Wanasema simu za wakati ule hazikuwa na namna ya kuandika ujumbe. Mimi naona alikuwa na akili zake.

Baada ya dakika nyingi na jasho, nikatuma: "Samahani bosi nimechelewa. Nakuja sasa hivi."

Nikavaa mbiombio. Nikiwa mlangoni, na kiatu kimoja mguuni, kitochi kikalia kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Jibu lilikuwa fupi:

"Umechelewa miaka sita. Uliacha kazi hapa."

Nikabaki nimesimama hivyo hivyo. Bosi wangu wa sasa, ambaye kweli nilikuwa nimemchelewesha, jina lake lilikuwa linakauka juani pamoja na mengine yote. Huyu alikuwa bosi wa kazi mbili zilizopita, yule niliyeondoka kwake bila kuaga vizuri. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuomba radhi kwa mibonyezo michache, ujumbe wa pili ukaingia:

"Ila kwa kuwa unakuja, njoo na ufunguo wa stoo."

Nikageuka taratibu, nikaitazama ile droo.

Kisha nikakaa kitako, nikavua kiatu, nikabadilisha jina lake. Sasa anaitwa Usipokee 3.