Mlinzi wa geti la kiini hayupo

Jioni moja tuisheni Magomeni nilikuwa nimechora duara la seli ubaoni, na duara dogo la kiini ndani yake, kijana wa kidato cha sita akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo mlinzi wa getini ni protini gani?" Nilikuwa nimetoka kuwaambia kwamba vitundu vya kiini ni kama geti la bandari: lori lenye karatasi zake linapita, lisilo nazo linageuzwa. Mfano huo nimeutumia miaka mingi, na unanoga. Ila jina la mlinzi sikuwa nalo, kwa sababu hayupo.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Kiini kimezungukwa na utando wa tabaka mbili, na utando huo una vitundu vingi. Kila kitundu ni mtambo wenye pande nane, uliojengwa kwa protini za aina 30 hivi. Protini zote za kiini hutengenezwa nje, kwenye saitoplazimu, kisha zinatakiwa ziingie. Zile ndogo, chini ya kilodaltoni 40 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli), hupenya zenyewe. Kubwa zinahitaji anwani. Mwaka 1984 ilionyeshwa kwamba kipande kifupi cha asidi amino 7, kutoka protini ya kirusi cha SV40, kinatosha kuipeleka protini ngeni ndani ya kiini. Badilisha asidi amino moja tu ya kipande hicho, laisini, protini inabaki nje. Anwani hushikwa na mbebaji, yaani importini, na huyo ndiye anayepita na mzigo. Wa kutoka hubebwa na eksportini.

Hata suala la nani anaingia na nani anatoka haliamuliwi na kitundu. Linaamuliwa na protini ndogo iitwayo Ran. Ndani ya kiini, Ran imebeba GTP, molekuli ndogo yenye nishati, kwa kuwa protini inayoipatia GTP imeng'ang'ania kromatini, yaani DNA na protini zake. Inayochochea GTP hiyo ivunjwe iko nje. Importini ikiingia na kukutana na Ran ya namna hiyo, inauachia mzigo. Mwaka 1999 watafiti Nachury na Weis waliugeuza mpangilio huo kwenye maabara, Ran yenye GTP ikawa nyingi nje, na mizigo ikaanza kwenda kinyume. Kitundu ni kilekile, foleni ndiyo iliyogeuka. Mlinzi gani huyo anayekubali magari yaende upande wowote?

Ubishi wenyewe uko katikati ya kitundu. Hapo pamejaa nyuzi za protini zisizo na umbo maalumu, zenye jozi za fenilalanini na glisini zinazojirudiarudia. Wataalamu huziita FG. Wote wanakubaliana kwamba nyuzi hizi ndizo zinazochuja. Zinachujaje, hapo ndipo wanapoachana.

Nenda Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku chache kabla ya Idi: watu wamejazana kama nyuzi hizo. Dirk Görlich na wenzake wa Ujerumani wanasema umati ule umeshikana mikono. Nyuzi za FG zinanasana na kuwa jeli, na asiye na wa kumpisha anakwama. Mbebaji yeye anajua kuichomoa mikono: anashika, anapita, inafungana nyuma yake. Hawakuishia kwenye maneno. Mwaka 2006 na 2007 walitengeneza jeli hiyo nje ya seli. Importini zikazama ndani yake, protini za kawaida zikabaki juu.

Upande wa pili, wa Michael Rout na wenzake wa Marekani, unasema hakuna aliyemshika mwenzake. Umati unayumba tu huku na huku, na kuyumba kwenyewe kunatosha kumsukuma mgeni. Mbebaji anapita kwa kuwa kila hatua ana wa kumwegemea. Nao wana hoja. Mwaka 2004 chachu (hamira) ilinyofolewa zaidi ya nusu ya FG zake, na ikaendelea kuishi. Tena kitundu kimoja kinaweza kupitisha molekuli zipatazo 1,000 kwa sekunde, na kupita kwenyewe hakuli nishati. Jeli yenye kunata inawezaje kwenda kasi hivyo? Wa jeli hujibu kwamba mishiko ni dhaifu, inaachia haraka.

Binafsi nawavuta masikio wote wawili. Jeli ya 2006 ilitokana na aina moja ya uzi, ilhali kitundu halisi kina aina kadhaa, na muda wote kimejaa wabebaji. Lakini nyuzi za Nup98, mojawapo ya protini za FG, hata ukiziacha peke yake majini, hukusanyana zenyewe, na hilo wa upande wa pili hulipita haraka mno.

Kisha kuna VVU. Kapsidi yake, ganda lenye umbo la pia, ina upana wa nanomita 60 hivi. Tulifundishwa kwamba lazima ivunjike nje, kitundu hakiitoshi. Mwaka 2021 ilionekana kwamba ndani ya seli vitundu ni vipana kuliko vilivyodhaniwa, na kapsidi nzima imo humo. Januari 2024 maabara mbili, ya Görlich ikiwamo, zilionyesha kapsidi yenyewe inazishika FG kama mbebaji. Wa jeli wakasema, mnaona? Wa upande wa pili nao wanaweza kuuliza kwani nani alikataa kwamba mshiko unahitajika. Nionavyo, kilichokufa hapo ni mlinzi: kirusi hakikughushi karatasi, ngozi yake nzima ndiyo inayofahamiana na umati. Na lenacapavir, dawa ya VVU, hujipachika kwenye mfuko uleule wa kapsidi ambao FG huushika, ingawa inavuruga na hatua nyingine za kirusi. Mwaka 2024, kwenye utafiti wa Afrika Kusini na Uganda, kati ya wanawake 2,134 waliopangiwa sindano ya dawa hiyo kama kinga mara mbili kwa mwaka hakuna aliyeambukizwa.

Kwa kidato cha nne geti nimeliacha. Linasaidia kuona kwamba kuna kuchagua. Kwa wa sita nilifuta, nikachora nyuzi. Kijana yuleyule akauliza zinashikana au hazishikani. Nikazichora upande wa kushoto wa kitundu zimeshikana, wa kulia zimeachana, nikamwachia chaki.