Vipaji vya uongozi visakwe hadharani?

Chama kikitangaza kwamba kinasaka viongozi wapya kwa umma, yaani yeyote ajaze fomu, asailiwe, kisha wananchi wampime, wakongwe hucheka. Watajaa wapenda kamera, wanasema. Wana hoja. Kuongea vizuri jukwaani kwa dakika kumi hakumfundishi mtu kupitia vifungu vya bajeti hadi usiku wa manane. Tena mtu asiyelelewa na chama hana cha kumfunga nacho. Mwaka 2017 chama kipya cha Emmanuel Macron huko Ufaransa kilipokea maombi zaidi ya 19,000 ya kugombea ubunge, wengi wa waliopitishwa hawakuwahi kushika wadhifa wa kuchaguliwa, na kikazoa viti 308 kati ya 577. Kufikia Mei 2020 wabunge wake kadhaa walikuwa wamehama hadi chama kikapoteza wingi wa viti bungeni kivyake.

Sawa. Lakini wanaotaja Ufaransa hupenda kusahau Totnes.

Totnes lilikuwa jimbo la uchaguzi kusini-magharibi mwa Uingereza hadi mwaka 2024. Mwaka 2009, kashfa ya marupurupu ya wabunge ikiwa bado ya moto, chama cha Conservative kilimtumia kila mpiga kura wa jimbo hilo karatasi ya kura kwa posta, awe mwanachama au asiwe, amchague mgombea wao. Waliobaki kwenye mchujo walikuwa watatu: meya, kiongozi wa halmashauri na Sarah Wollaston, daktari ambaye siasa alikuwa mgeni nazo. Daktari akawabwaga wote wawili.

Waliorudisha karatasi walizidi 16,000, kama robo ya waliotumiwa. Wapinzani wa mtindo huu huishikilia robo hiyo: robo tatu hawakujali! Mimi naiona kinyume kabisa. Kwa kawaida mgombea huteuliwa na wanachama mia chache ndani ya ukumbi, na wengi wao wanajuana. Hapa watu 16,000, wengine wapinzani wa chama hicho, walichukua kalamu kwa hiari yao kuamua jambo ambalo hawakuwahi kuulizwa. Gharama ilitajwa kuwa pauni 38,000 hivi, yaani pauni mbili na ushei kwa kila kura. Ni fedha, sikatai, na chama maskini hakiwezi kuzirudia katika kila jimbo. Ila hakuna mpambe aliyelipwa kwa siri.

Na je, daktari aliweza kazi? Mwaka 2014 wabunge wenzake walimchagua kuongoza kamati ya afya ya bunge. Alipiga kura kinyume na chama mara kadhaa, na mwaka 2019 akakihama. Kwa viongozi wa chama huo ni ushahidi tosha kwamba kusaka watu hadharani ni kujitafutia msaliti. Waliomtangulia kuhama chama, wakiwa wamelelewa ndani tangu ujana, sijui wanawaweka fungu gani.

Kwa maoni yangu chama kibaki na kazi ya kuchuja majina, kuchunguza rekodi na kufundisha kanuni za bunge kabla ya kampeni. Ufaransa sehemu hiyo ya mafunzo ilikwenda mbio mno. Uamuzi wa mwisho ndio uachiwe wapiga kura. Mkataba wa serikali ya mseto iliyoingia madarakani Uingereza mwaka 2010 uliahidi kugharamia kura 200 za namna ya Totnes. Haikugharamiwa hata moja.