Sahani Isiyokubali Kuisha

Wallahi sijapata kuadhibiwa kwa ukarimu kama nilivyoadhibiwa Foshan, mji wa vigae ulio jirani na Guangzhou, China, nilikokwenda kutafuta mzigo wa duka langu la Kariakoo. Mwenye kiwanda, mzee wa tabasamu lisilochoka, alinialika chakula cha jioni, nami nikaenda na njaa ya kutosha pamoja na adabu zote alizonifunza marehemu bibi, hasa ile ya kwamba mtu aliyelelewa vizuri habakishi chakula sahanini.

Kumbe adabu hiyo ndiyo iliyoniponza. Kwa Wachina wa rika la mwenyeji wangu, mgeni anayefuta sahani anatangaza kwamba hajashiba, kwa hiyo kila nilipomaliza, mzee alizungusha kile kioo cha duara kilicho katikati ya meza, akachota kwa vijiti vya kupakulia, akanijazia upya. Nilimaliza bata, ukaja uyoga. Nilimaliza uyoga, ikaja miguu ya kuku, imeninyooshea vidole kana kwamba inanidai. Nayo nikaimaliza, kwa heshima ya bibi.

Nilipotaka kupumua kidogo, nikavichomeka vijiti vyangu wima katika bakuli la wali. Meza nzima ikanyamaza. Mkalimani akanivuta shati na kuninong'oneza kwamba hivyo ndivyo udi unavyosimamishwa kwa ajili ya wafu. Yaani nilikuwa nimemwekea mwenyeji wangu matanga angali anatafuna.

Samaki naye alikwisha upande wa juu, nikamshika nimgeuze, mkono ukadakwa hewani, kwani kwa watu wa pwani ya huko kumgeuza samaki ni kupindua mashua. Mimi, mtoto wa mvuvi wa Bagamoyo, nafundishwa habari za mashua na kijana aliyevaa tai! Ilibidi mti wa mgongo utolewe kwa juu, ndipo nyama ya chini ikaliwa pale pale ilipolala.

Ya kutakiana heri sitayamaliza. Mimi sinywi pombe, hivyo nikainua kikombe cha chai, na kwa kuwa anayeheshimu hushusha kikombe chake chini ya cha mwenzake, mzee alishusha, nami nikashusha zaidi maana ni mkubwa wangu, naye akashusha tena, hata vikombe vikagota mezani na chai ikanimwagikia kifundoni.

Hatimaye nikabakisha vipande viwili vya tofu, ile maziwa ya soya iliyogandishwa, roho ikiniuma. Mzee akafurahi, akaweka vijiti chini, kisha akaamuru mabaki yote ya meza yafungwe vikashani, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Saa nane ya usiku, hotelini, mkanda nimeulegeza, nilifungua kikasha cha kwanza nikakuta miguu miwili ya kuku, vidole juu. Nikamkumbuka bibi, nikainuka, nikanawa mikono.