Mashine ya mwanga ianze na meno ya Maji ya Chai

Anayetaka kutuuzia kifaa cha kugundua kwa mwanga jino linaloanza kuoza, asianzie Dar es Salaam. Aje Arusha, ashuke Maji ya Chai, apite Ngurdoto na Kikatiti, akague meno ya watoto wa huku. Kifaa kikiyaweza hayo, nitakiamini. Kisipoyaweza, wasituletee.

Sayansi yenyewe siipingi, tena naipenda. Enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Ukila sukari, bakteria waliojificha kwenye ukoga wanaigeuza kuwa asidi, na pH, yaani kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya kalsiamu na fosfeti yanaanza kutoka kwenye enameli. Tundu bado halipo. Uso wa jino ni mzima, ila chini yake pamebaki vinafasi vidogo mno, na mwanga ukipenya humo unatawanyika. Ndiyo maana daktari wa meno aliye makini hupuliza jino hewa kabla ya kulitazama: likiwa limelowa, vinafasi vimejaa maji na doa halionekani, likikauka, doa jeupe linajitokeza. Ni kama shati jeupe, ambalo likilowa linaonyesha ngozi na likikauka linaificha. Doa la hatua hiyo linaweza kurudishiwa madini bila kuchimba wala kuziba. Eksirei mara nyingi huliona kwa kuchelewa, madini mengi yakiwa yameshapotea.

Hapo ndipo mwanga unapopata kazi. Enameli nzima ikimulikwa kwa mwanga wa bluu hung'aa kijani, na sehemu iliyopoteza madini hufifia. Leza nyekundu ya nanomita 655 nayo hufanya mabaki ya bakteria yang'ae, kisha kifaa kinasoma namba. Halafu kuna njia ya Raman, yenye jina la mwanafizikia wa India aliyepewa Nobel mwaka 1930. Hii husoma mtikisiko wa fosfeti iliyo ndani ya jino. Kwangu mimi hii ndiyo bora, kwa sababu haijali sana jino lina rangi gani, inatafuta limeundwa na nini. Bahati mbaya vyombo vyake ni ghali, na kazi yake kubwa bado iko maabara.

Sasa vilete vyote hivyo huku chini ya Mlima Meru. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini, ikashuka hadi 4, maana kwa baadhi ya maeneo kufuata 1.5 kungekuwa sawa na kufunga bomba; baadaye nayo ikahamia 1.5. Ongeza magadi tunayotia kwenye makande na maharage, nayo yana floraidi yake. Mtoto akinywa na kula hivyo wakati meno yake yanajijenga ndani ya ufizi, enameli inaota na vinafasi chini ya uso. Jino linatoka na mabaka meupe, baadaye yanageuka kahawia.

Umeona mtego ulipo? Uso mzima, vinafasi chini yake, mwanga unatawanyika: hilo ndilo umbile lile lile la jino linaloanza kuoza. Taa ya bluu itafifia kote kuwili. Leza nyekundu itadanganywa na rangi ya kahawia. Mtoto wa Ngurdoto anaweza kusomewa namba za kutisha akachimbwa meno yasiyooza. Au daktari atazizoea kengele hizo za uongo, siku jino limeoza kweli asishtuke. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha zaidi.

Na meno ya kahawia yanaoza, jamani. Huku utasikia watu wazima wakisema, "Haya ni ya maji tu, mwanangu, hayaozi." Wapo hata wanaokwepa dawa ya meno yenye floraidi, wakidhani itawaongezea ukahawia. Kwa mtu mzima haiwezi, meno yake yalishamaliza kujijenga zamani. Dawa hiyo ikigusa uso wa jino lililokwisha kuota, inasaidia kurudisha madini.

Jicho lililofunzwa hutofautisha bila umeme. Mabaka ya maji huja kwa jozi, kulia na kushoto, na mara nyingi yana mistari ya kulala. Kuoza hupenda pale ukoga unapokaa: kando ya ufizi, katikati ya meno mawili, kwenye mifereji ya magego. Kifaa cha maana kwetu ni kile kitakachojumlisha ujuzi huo na usomaji wa mwanga, na wa kukijaribu tunao. Pale Tengeru kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambako Askwar Hilonga alibuni chujio la maji lililompa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Moshi kuna hospitali ya KCMC. Kila siku mikoa hii meno yanang'olewa na kutupwa. Mgonjwa akiridhia, jino lake limulikwe, lisomwe namba, kisha likatwe na kutazamwa kwa darubini, ijulikane nani alisema kweli.

Muuzaji atakayewahi kabla ya hapo aulizwe jambo moja na daktari atakayempokea: kwenye kipimo cha Thylstrup na Fejerskov, kinachopanga meno ya floraidi kuanzia 0 hadi 9, kifaa chake kimejaribiwa kwa meno mangapi ya daraja la 4 kwenda juu? Kama hakuna, kliniki isinunue, na fedha hiyo iende kwenye floraidi ya kupaka magego ya watoto wa shule.