Nambari ya tarakimu milioni 41: ni hasara tupu?

Oktoba 2024, Luke Durant, aliyewahi kuwa mhandisi wa kampuni ya vichakato vya kompyuta ya NVIDIA, aligundua nambari tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kutoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukitaka kuichapisha pale River Road, Nairobi, tarakimu 3,000 kwa ukurasa, upande mmoja, nunua zaidi ya rimu 27 za karatasi. Na ukimaliza huna cha kusoma.

Wanaobeza wana hoja. Durant alikodi maelfu ya vichakato katika nchi 17, na zawadi yenyewe ni dola 3,000. Anayehesabu tokeni za umeme huko mtaa wa Umoja ana haki ya kuuliza faida iko wapi (ingawa pesa zilikuwa za Durant mwenyewe, si kodi ya mtu). Watetezi nao hujiharibia wanapodai kwamba nambari hii inalinda pesa zetu kwenye simu. Hailindi chochote. Ufunguo wa RSA, mbinu ya kuficha siri mtandaoni, hutaka nambari tasa za tarakimu mia kadhaa tu, tena za siri. Hii imetangazwa dunia nzima.

Ila kuuliza kazi yake leo ni kuuliza mapema mno. Chukua 2 kwa kipeo cha 19,937, kutoa 1, aliyoipata Bryant Tuckerman mwaka 1971. Ilikaa robo karne bila kazi ya maana. Ndipo Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura wa Japani wakaijengea Mersenne Twister, mbinu ya kuzalisha nambari za kubahatisha ambayo mfuatano wake huenda hatua nyingi kiasi hicho kabla ya kujirudia. Kuthibitisha urefu huo kwa kawaida hudai ujue vigawo vyote vya idadi ya hatua. Idadi ikiwa tasa, mzigo huo unakutoka. Leo mwanafunzi wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi akiiamuru programu ya R imchagulie kaya za kuhoji, anatumia mbinu hiyo, asipobadilisha mipangilio. Pengine jina la Tuckerman hajawahi kulisikia.

Sidai kwamba hii ya Durant itapata bahati hiyo. Nadhani ni kubwa mno. Faida yake naiona kwenye msako wenyewe. Kipimo cha Lucas na Lehmer huanza na 4: zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa nambari unayoipima, baki na salio, rudia; hatua zote ni kipeo kutoa 2. Kwa 7, yaani 2 kwa kipeo cha 3, kutoa 1, hatua moja inatosha: 16 kutoa 2 ni 14, salio sifuri, basi ni tasa. Kwa hii ya Durant ni hatua 136,279,839, na kosa moja la kichakato huharibu zote. Ndiyo maana mwaka 2016 ilikuwa Prime95, programu ya wasakaji wa nambari hizi, iliyofichua hitilafu katika vichakato vya Skylake vya kampuni ya Intel: kompyuta iliganda katikati ya hesabu, na Intel ikakiri na kutoa marekebisho.